Tulipotumwa Kuuliza Habari za Maji

Ndugu msomaji, hapana shaka umewahi kumwona mwanao, au mtoto wa jirani, akirudi likizo na bunda la karatasi zenye maswali, akisema kwamba ametumwa na mwalimu afanye utafiti pamoja na wenzake. Wazazi wengi huguna. Baba huuliza kama utafiti huo utamfaulisha mtihani. Na mama, aliyekuwa akihesabu siku ili mtoto aje amsaidie kazi, huzitazama zile karatasi kama amtazamavyo mgeni aliyefika usiku bila taarifa. Wote wawili nawaelewa. Hata hivyo naomba nikusimulie habari za utafiti mmoja wa namna hiyo, uliofanywa mwaka 2007 katika Mkoa wa Mara na wanafunzi 6 wa kidato cha tano, nami nikiwa mmoja wao. Yaliyotupata yanazihusu nyumba nyingi kuliko shule moja ya bweni.

Kazi za namna hii zina chimbuko lake, na chimbuko hilo ni Musoma penyewe. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo, na maamuzi yake juu ya elimu yakapata jina la Azimio la Musoma. Watu wengi hulikumbuka azimio hilo kwa sababu ya Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977. Lakini humo mlikuwamo pia lawama kali juu ya mtihani wa kuandika, kwamba ulikuwa umepewa uzito kupita kiasi, hata mwanafunzi akawa anapimwa kwa saa 3 za karatasi na wino tu. Kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, kazi zake na miradi yake, yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani. Sisi tulizaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya azimio hilo, tukasoma katika mji uleule, na sidhani kama kulikuwa na hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba ile kazi iliyotunyima likizo ilizaliwa hatua chache kutoka bwenini kwetu.

Mwalimu wetu wa jiografia alitugawa makundi ya watu 6. Kila kundi lichague tatizo moja la mkoa, likalichunguze wakati wa likizo ya Juni, kisha liandike taarifa moja, na alama ziwe moja kwa wote. Hilo la mwisho ndilo lililotukera. Aliyefanya kazi na aliyelala wangevuna sawasawa! Mwalimu alipoulizwa, alijibu kwamba hata katika kijiji ndivyo ilivyo, akafuta ubao, akatoka.

Tulibishana juma zima kuhusu tatizo la kuchunguza. Mmoja alitaka wanyama wa Serengeti wanaoingia mashambani. Mwingine, mtoto wa mvuvi, alitaka samaki aina ya sangara. Mwenzetu mmoja, msichana wa Bunda, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, ndiye aliyesema, "Tuulize habari za maji." Alisema mara moja tu, nasi kwa kuwa tulikuwa tumechoka kubishana, tukakubali.

Baadaye tuliona jinsi shauri lile lilivyokuwa zuri. Mji wa Musoma umeingia ndani ya Ziwa Nyanza, hata ukisimama Mwigobero mawimbi hukurushia manyunyu usoni. Bunda haiko mbali na ziwa hilo; ukipanda mlima wa Balili unaliona linang'aa kama bati jipya, lakini kuliona siyo kulinywa. Butiama iko bara, juu ya vilima vya mawe, na ziwa huko ni habari tu. Basi palikuwa na miji mitatu katika mkoa mmoja, yenye umbali wa namna tatu kutoka maji yaleyale. Tulijigawa wawili wawili. Waliotoka Musoma walibaki Musoma, msichana yule na mvulana mmoja walikwenda kwao Bunda, na mimi, mwenye shangazi Butiama, nilifuatana na mwenzangu ambaye wazazi wake walikuwa hukohuko. Kila jozi ilipewa hojaji 20, nyumba 20. Jumla 60.

Mwalimu alitupa kipimo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kwamba kila mtu wa kijijini apate walau lita 25 za maji safi kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Akatukumbusha kwamba shabaha ya mita 400 haikuwa ngeni: ilikuwamo katika mpango wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971, uliokusudia kila mwananchi awe ameipata huduma hiyo ifikapo mwaka 1991. "Nendeni mkapime," akasema.

Msomaji, Butiama unaijua. Ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa Oktoba 1999, hapo Mwitongo. Ndiko alikotoka akiwa na umri wa miaka 12 kwenda kuanza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Wageni hufika, huona makumbusho na kaburi, hupiga picha kwenye yale majabali, kisha hugeuza magari yao. Wengi wao huja na maji yao katika chupa, kwa hiyo hawana haja ya kuuliza yanatoka wapi ya wenyeji.

Sisi tulikuwa na haja hiyo, na siku ya kwanza tu tuligundua kwamba karatasi zetu hazifai. Maswali tuliyaandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya masomo ya sekondari. Tulipofika mlangoni tuliyageuza yakawa Kiswahili. Wazee wengine walijibu kwa Kizanaki, mwenzangu akanifasiria, nami nikaandika kwa Kiingereza. Neno lilivuka mito mitatu kabla ya kufika kwenye karatasi, na sikuamini kwamba lilifika likiwa kavu.

Swali lililotushinda kabisa lilikuwa fupi kuliko yote: unatumia dakika ngapi kufuata maji? Bibi mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya mwamba mkubwa, alinitazama kwa huruma. Saa hakuwa nayo, na hakuwahi kuihitaji. Alisema huondoka jua likiwa bado halijagusa mwamba, hurudi likiwa limeshaupita. Niandike nini hapo? Mwenzangu alitaka tukadirie saa 1. Mimi nilimwomba bibi atuchukue.

"Mnichukulie na ndoo, basi," akasema.

Kesho yake alfajiri tuliacha kuuliza, tukabeba. Lita 20 ni kilo 20, hilo nililijua darasani. Sikulijua shingoni. Njia ya kwenda kisimani ni mteremko, kwa hiyo kupanda ni wakati wa kurudi, wakati ndoo imejaa. Aliyepanga mambo hayo hakuwafikiria wachotaji. Pale kisimani wanawake na wasichana walikuwa foleni, madumu ya njano yamepangwa mbele yao kama askari. Walipoona vijana wawili wa kiume wamejitwisha ndoo na kata kichwani, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baadaye walinyamaza, na mmoja aliuliza kwa upole kama kwetu tuna dada. Nilijibu kwamba ninao wawili. "Ndiyo maana hujui kata huviringwa namna gani," akasema, akaifungua ile yangu, akaiviringa upya.

Saa yangu ya mkononi ilitupa hesabu tuliyokuwa tukiitafuta, na hesabu hiyo ilituonyesha jambo ambalo hakuna swali letu hata moja lililoligusa. Mwendo ulikuwa sehemu ndogo ya muda. Muda mrefu uliliwa na foleni. Mita 400 za sera zilikuwa zinapima miguu, wala hazikupima kusimama. Tukachora safu mpya kwenye karatasi: kungoja.

Tulipomfikisha bibi nyumbani alituandalia uji, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, mkishaandika yote haya, maji yatasogea?"

Mwenzangu alitazama chini. Mimi nilimwambia ukweli, kwamba sisi ni wanafunzi, na karatasi hizo zinakwenda kwa mwalimu, na mwalimu atazitia alama. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Nimelikumbuka swali lake mara nyingi katika kazi hii ya uandishi, ambayo nayo ni kazi ya kuuliza watu na kuondoka. Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi la mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, wa kuyatoa maji Ziwa Nyanza na kuyapandisha huko vilimani, nilihesabu miaka: ilikuwa inakaribia 15 tangu uji ule. Sisemi kwamba karatasi zetu zilihusika, kwa maana hazikuhusika.

Sasa nirudi Julai 2007. Tulikutana shuleni, kila jozi na hojaji zake, nami nikakabidhiwa kazi ya kuzijumlisha. Za Musoma zilikuwa chafu kwa wino na samaki, na zilieleza jambo la kuchekesha kidogo: akina mama wa Nyasho, wanaosikia mawimbi kutoka vitandani, walikuwa wakiamka usiku wa manane kwa sababu bomba lao lilitoa maji kwa zamu. Kuwa karibu na ziwa hakukuwa sawa na kuwa karibu na maji.

Za Bunda zilikuwa safi mno. Zile 8 za mwanzo zilikuwa na maisha ndani yake: huyu ananunua maji kwa wenye baiskeli, yule anakinga kwa jirani kwa mkopo, mwingine ana punda. Kuanzia ya 9 hadi ya 20 mwandiko ulikuwa mmoja, kalamu moja, na majibu yalifanana kama matofali. Nyumba moja ilikuwa ikitumia maji ya mvua, mwezi wa Juni, katika mkoa ambao Juni ni kiangazi. Nyingine ilikuwa kilomita 3 kutoka kisimani, na mchotaji alikwenda na kurudi kwa dakika 10. Msomaji, hizo ni kilomita 6. Filbert Bayi, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alitumia dakika 3 na sekunde 32. Kwa mwendo ule ule, kama angeweza kuushikilia, kilomita 6 zingemchukua dakika 14. Na yeye hakuwa na ndoo kichwani.

Niliwaonyesha wenzangu usiku, tukiwa tumekaa darasani baada ya masomo ya jioni. Kiongozi wa kundi alikasirika, akataka twende kwa mwalimu usiku ule ule tukatenganishe alama. Mwana wa mvuvi alisema tunyamaze, kwani nani angezisoma hojaji 60 moja moja? Na tukizitoa 12, kundi zima litakatwa alama kwa kosa la wawili. Kila mmoja wao alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililofanya usiku uwe mrefu. Yule mvulana wa Bunda alikiri upesi. Kwao ni ng'ambo ya pili ya mji. Baba yake alimpeleka shambani kuvuna pamba, naye akaamini kwamba mwenzake ataendelea na kazi. Siku ya mwisho alizijaza chini ya mwembe.

Msichana alikaa kimya mpaka kiongozi akamwuliza kwa ukali, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Foleni," akasema.

Tulidhani anatania. Kisha akaeleza, kwa sauti ileile aliyotumia siku ile aliyopendekeza habari za maji. Mama yake alikuwa mgonjwa tangu Mei. Wadogo zake walikuwa 4. Kila siku ya likizo aliamka saa 10 alfajiri kwenda kupanga madumu, akarudi jua limekwisha kuwa kali, akapika, akafua, na jioni alikwenda tena kwa sababu ya asubuhi yalikuwa yamekwisha. Nyumba zile 8 ni za watu aliowahoji palepale kwenye foleni, karatasi juu ya goti, mpaka zamu yake ilipofika. Nyumba 12 zilizobaki zilikuwa upande mwingine wa mji, na hakupata hata siku moja ya kuzifikia. Tulimtuma akaulize watu wanatumia muda gani kufuata maji, na muda wa kuuliza ulikuwa umekwisha kuliwa na maji yenyewe.

Hakuna aliyesema kitu. Nakumbuka mwana wa mvuvi, yule aliyetaka tunyamaze, ndiye aliyezichukua zile hojaji 12, akazichana, akaziweka mezani mbele yetu. Kiongozi wetu hasira zilimwishia, lakini hakulegea katika jambo moja, nami nilimuunga mkono: mwalimu ataambiwa. Tuliandika katika ukurasa wa pili kwamba tulikusudia nyumba 60, tukapata 48, na 12 zilifutwa kwa kuwa hazikutokana na mahojiano. Tuliandika sababu bila kutaja jina la mtu. Kisha tukamwomba msichana wa Bunda aandike siku zake za likizo kama zilivyokuwa, saa kwa saa, dumu kwa dumu, nazo zikawa sura ya nne ya taarifa. Kwanza alikataa. Alisema hayo siyo utafiti, ni maisha ya nyumbani tu. Tukamwambia ayaandike hivyohivyo.

Mwalimu alitukata alama kwa upungufu wa hojaji, kama ilivyostahili, na alama ilikuwa moja kwa wote 6, kama alivyosema. Kando ya sura ya nne hakuweka tiki wala msalaba. Aliandika kwa penseli: "Mama anaendeleaje?" Siku chache baadaye msichana yule aliitwa ofisini, na muhula uliofuata alipewa ruhusa ya kwenda kwao kila mwisho wa mwezi. Mama yake alipona, nashukuru kusema. Yeye mwenyewe alimaliza kidato cha sita pamoja nasi.

Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya uandishi wa habari nilikutana na habari za kitabu kimoja kilichotolewa Chicago mwaka 1972, *Drawers of Water*, kazi ya Gilbert White, David Bradley na Anne White. Hao walipita katika vituo 34 vya Kenya, Uganda na Tanzania, wakichunguza maji ya nyumbani: nani huyateka, kiasi gani, kwa gharama ipi. Miaka 30 baadaye watafiti wengine walirudi katika sehemu zile zile, wakakuta kwamba nyumba zenye mabomba zilikuwa zikitumia maji pungufu kuliko zamani, na kwamba wasio na mabomba walikuwa wakitumia muda mwingi zaidi. Niliisoma habari hiyo nikatabasamu. Wataalamu wale walikuwa na fedha, magari na miaka, lakini safu ya kungoja waliichora kama sisi.

Mzazi unayesoma ukurasa huu Jumapili hii, huenda hapo ulipo yuko kijana mwenye karatasi za namna ile. Usimjibie maswali yake, na usimpe majibu ya jirani ambaye hukumwuliza. Mwulize tu ana siku ngapi, na katika siku hizo ni ngapi umekwisha kuzitia katika hesabu ya kazi zako. Ikiwa ni msichana, uliza mara mbili.

Limebaki jambo moja. Likizo ya Desemba nilikwenda tena kwa shangazi, na nakala ya taarifa nilikuwa nayo, imenakiliwa kwa mkono. Mimi na mwenzangu tulikwenda nyuma ya ule mwamba. Bibi alikuwa amekaa uani na jirani yake, wanapukuchua mahindi. Tulimsomea kurasa za Butiama, tukizigeuza kwa Kiswahili, mwenzangu akizigeuza tena kwa Kizanaki pale ilipobidi. Walisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi. Tulipofika mahali palipoandikwa kwamba kisima cha chini hukauka mwezi wa Septemba, jirani alisema, la, ni Agosti. Bibi akasema ni Septemba, yeye ndiye aliyetuambia. Jirani akasema mwaka ambao mwanawe wa mwisho alizaliwa kilikauka Agosti, na yeye ndiye aliyekiona kikavu, si mtu mwingine. Walishindana hivyo kwa muda, kila mmoja akitaja miaka yake na uzazi wake, mpaka mwenzangu akaniomba kalamu, akaandika pembeni miezi yote miwili.